"Organise" au "organize": ipi ni tahajia sahihi?

Ndugu aliyeuliza ameeleza kuwa mwalimu wake alimkata alama kwa kuandika "organize", kwa hoja kwamba "z" ni ya Wamarekani ilhali sisi tunafuata Kiingereza cha Uingereza. Kazi yangu ni kuhariri ripoti za Kiingereza, nyingi zikiwa za waandishi waliokulia katika Kiswahili, na suala hili hunifikia mara kwa mara.

Mwalimu ana haki ya kudai darasa lake lifuate mtindo mmoja, ila sababu aliyoitoa si sahihi. Kiambishi "-ize" kina asili ya Kigiriki, kikapitia Kilatini, na Waingereza walikuwa wakikiandika kwa "z" kabla Marekani haijawa nchi. Kamusi za Oxford hadi leo hutanguliza "-ize", na Umoja wa Mataifa nao hufuata tahajia hiyo. Ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani huitwa "International Labour Organization", jina lenye "z" na papo hapo lenye "-our" ambayo Mmarekani asingeiandika. Umarekani hasa uko katika "color", "center" na "defense", tahajia ambazo Noah Webster aliziingiza katika kamusi yake ya mwaka 1828. Kwa kuwa magazeti mengi ya Uingereza huandika "-ise", ni rahisi mtu kudhani kwamba "-ize" imetoka ng'ambo ya Atlantiki.

Anayechagua "z" ajihadhari, kwani hapa ndipo ninapokuta makosa mengi. Maneno kama "advertise", "exercise", "supervise" na "surprise" huandikwa kwa "s" Uingereza na Marekani pia, maana "-ise" yake si kile kiambishi cha Kigiriki. "Analyse" ni kesi ya peke yake: Oxford wenyewe huiandika kwa "s", na "analyze" ndiyo ya Kimarekani kweli. Kwa sababu hiyo humshauri mwanafunzi atumie "-ise" kote, si kwa kuwa ni bora zaidi, bali kwa kuwa haimlazimu kukariri orodha ya maneno yasiyofuata kanuni.

Kosa ambalo siwezi kulivumilia ni kuchanganya. Ripoti iliyoandikwa na watu kadhaa huwa na "organise" ukurasa mmoja na "organization" unaofuata, na kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Uingereza mara nyingi hukubali zote mbili bila kupiga mstari mwekundu. Kabla ya kukabidhi kazi, tafuta herufi "iz" katika waraka mzima, kisha sahihisha neno moja moja, usiamuru kompyuta ibadilishe yote kwa mkupuo, la sivyo hata "size" na "prize" zitaharibika. Majina rasmi yaache yalivyo: "World Health Organization" hubaki na "z" yake hata katika insha iliyoandikwa kwa "-ise" mwanzo hadi mwisho.