Kabla hujanunua jora la faiba, nisikilize kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mafia alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimepata mtaji, nataka kuacha mbao nihamie boti za faiba. Rezini ya kampuni gani ni nzuri?" Marahaba, mdogo wangu. Karibu kila anayenitafuta huuliza hivyo hivyo, kwa hiyo nakujibu hapa hadharani.

Jibu fupi: yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini, mradi tarehe yake haijapita. Lakini swali lenyewe umelianzia mkiani.

Mimi nimekulia kwenye mbao. Mjomba wangu alikuwa fundi Nungwi, na kabla sijaota ndevu nilikuwa nasokota pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa za mbao, na kupaka sifa, yaani mafuta ya papa, mpaka nguo zikanuka papa hata siku ya Idi. Mbao ina staha yake. Mvule umeshakuwa mvule porini kabla wewe hujauona. Kazi yako ni kuuchagua, kuukata na kuupachika. Ubao ukikataa, unaung'oa unaweka mwingine. Faiba si hivyo. Dukani unauziwa nyuzi za kioo zinazowasha ngozi na maji mazito yanayonuka, ndiyo rezini. Kitu chenyewe, kile kitakachobeba watu baharini, unakitengeneza wewe pale kwenye kalibu kabla rezini haijaganda. Kikizaliwa kilema, hakuna randa ya kukinyoosha.

Hata wakubwa wako hapo hapo. Boeing 787, ile Dreamliner ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018, karibu nusu ya uzito wa muundo wake ni nyuzi za kaboni zilizoshikwa na rezini. Mashine inazizungushia kwenye kalibu kubwa, kisha kipande kizima cha kiwiliwili kinaingizwa kwenye tanuri lenye mgandamizo, joto na muda vikifuatiliwa mwanzo hadi mwisho. Kaboni ile ile ukimpa mtu asiyejali joto wala muda, atakutolea takataka ya bei mbaya.

Sasa nisimulie kisa changu, maana bado kinanikaa rohoni. Kuna mradi mmoja, sitautaja, ulitaka boti za faiba kwa ajili ya kikundi cha wavuvi. Nikapeleka bei. Kwenye kikao bwana mmoja akasema, "Huyu fundi wa madau, si atatuwekea kalafati!" Watu wakacheka. Kazi akapewa mwenye shati la kuchomekea na kompyuta mpakato. Masika hayajapita mawili, boti zile zikaletwa karakanani kwangu juu ya lori.

Nikachukua sarafu ya shilingi mia mbili nikaanza kugonga ubavuni, taratibu, kutoka omo kwenda tezi. Faiba nzima hulia ting, kavu. Pale sarafu ilikuwa inalia bupu, bupu, eneo la kukaa mtu mzima. Nikakata kwa grainda. Matabaka yakaachana kama maganda ya kitunguu, na katikati nyuzi zilikuwa nyeupe pee, kavu, rezini haikuwahi kuzifikia. Kando kidogo, karibu na mkuku, rezini ilikuwa imejaa dimbwi halafu ikapasuka. Boti moja, magonjwa mawili yanayopingana! Yule bwana alikuwepo. Hakunitazama usoni. Nilizitengeneza, na bei nilitoza kamili.

Nilipouliza katalisti, ile dawa ya kugandisha rezini, ilipimwaje, nikaambiwa kwa kifuniko cha chupa. Kifuniko! Rezini ya polista kwa kawaida inataka katalisti asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake. Soma karatasi ya mtengenezaji. Kilo 5 za rezini kwa asilimia 1.5 ni gramu 75, basi. Ukizidisha, ndoo inachemka, inatoa moshi, na kazi inapasuka. Ukipunguza, boti inabaki inanata na haipati nguvu yake hata ukiianika mwezi mzima. Halafu kuna jua. Kazi ya saa tatu asubuhi si kazi ya saa saba mchana; rezini ya mchana inaganda ukiwa bado unatafuta brashi. Na mvua ikinyesha, funga karakana ukanywe kahawa, kwa sababu mati, yaani ule mkeka wa nyuzi za kioo, ikishika unyevu rezini haiishiki vizuri.

Kwa hiyo mtaji wako uanzie kwenye mizani ya kidijiti na bomba la sindano la kupimia. Rola za chuma za kutoa viputo vya hewa zifuate. Mizani, nasema tena. Nguvu iko kwenye nyuzi, rezini kazi yake ni kuzishika, lakini wageni wote wanamwaga rezini wakidhani wanaongeza uimara. Kwa mkono, ukitumia mati, kioo kinakuwa kama theluthi tu ya uzito. Siku hizi nafanya kwa vakyumu: unalaza nyuzi kavu, unafunika kwa plastiki, pampu inanyonya hewa na rezini inaingia yenyewe, kioo kinavuka nusu. Boti yangu ya mwisho ilibebwa na vijana wakishangaa wepesi wake. Tundu dogo kwenye plastiki, hata hivyo, linaharibu boti nzima, kwa hiyo usikimbilie huko mwaka wa kwanza.

Na usiitupe shoka ya babu yako. Flipflopi, lile dau la plastiki iliyorejelewa lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata, lilijengwa na mafundi wa majahazi. Plastiki ilikuwa ngeni kwao, ila mkono uliozoea kupima ulikuwepo tayari. Vijana mnapenda jina la kitu kipya kuliko kazi yake, mnapiga picha na pampu kabla hamjajua kusoma mizani. Acheni.

La mwisho, na hili dukani hawatakwambia. Katalisti ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, vaa miwani. Vaa barakoa ya kuchuja mvuke, ile ya kitambaa haikusaidii kitu. Na kama rezini yako inahitaji kuongezwa kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, ichanganye kwanza kwenye rezini, ikoroge mpaka ipotee, ndipo utie katalisti. Kobalti na katalisti zikikutana zenyewe kwa zenyewe zinalipuka. Ziweke rafu tofauti, na mtoto wa kazi umwambie hivyo siku ya kwanza anapoingia.