Kabla hujashusha giaboksi kwa ajili ya sili ya nyuma

Sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, ni pete ya mpira ya kuzuia oili unayoishika kwa mkono mmoja, na bei yake haimtishi mtu. Kinachotisha ni mahali ilipojificha: nyuma ya flaiwili (gurudumu zito la chuma mwishoni mwa krenki), nyuma ya klachi, nyuma ya giaboksi, na vyote hivyo lazima vishuke ndipo uione. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye Hilux ya dizeli ni kwamba asiguse bolti hata moja mpaka awe na hakika kuwa oili inatokea pale. Yangu ni ya injini ya Toyota aina ya 3L, gia za mkono, inavutwa na matairi ya nyuma tu, nami kazi hii nimeifanyia nyumbani.

Gari likitembea, upepo huisukuma oili kwenda nyuma. Basi karibu kila uvujaji wa injini hatimaye huonekana chini ya nyumba ya klachi, na fundi mwenye haraka akiona tone pale tayari ameshahukumu. Kwenye injini hizi watuhumiwa ni wengi: gasketi ya kava ya valvu upande wa nyuma, swichi ya presha ya oili, mipira ya pampu ya vakyumu iliyofungwa mgongoni mwa alternata. Osha injini ikiwa imepoa, iache ikauke kabisa, kisha nyunyizia poda ya mtoto sehemu zote za nyuma na pembeni. Zungusha gari mtaani, rudi, lala chini na tochi. Poda iliyolowa kuanzia juu inakupeleka kwenye kava. Ikibaki nyeupe juu kote, huku tundu la chini la nyumba ya klachi likidondosha, hapo ndipo pana kesi.

Hata hapo, shika lile tone. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi kwa masizi na inachafua kidole. Oili ya gia ina rangi nyepesi na harufu ya kiberiti isiyosahaulika. Ukiipata hiyo, mkosaji ni sili ya mbele ya giaboksi. Kushusha utashusha vilevile, lakini utanunua spea nyingine.

Jambo linalosahaulika sana ni brida, yaani njia ya injini kupumulia. Injini ikipumua vibaya, presha hujaa kwenye krenkikesi (tumbo la injini linalobeba krenki) na kuisukuma oili ipite kwenye sili. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Pumzi ndogo si neno. Moshi ukitoka kwa kusukumwa, kagua kwanza mpira wa brida kama umeziba, na kama uko wazi basi ringi za pistoni zimechoka. Sili mpya haitadumu kwenye injini ya namna hiyo, hata uweke orijino.

Ukiridhika, tafuta sakafu ya saruji. Uani penye mchanga usijaribu, stendi zitazama. Ondoa waya hasi wa betri, kwa sababu waya mnene wa stata una umeme muda wote. Mwaga oili ya gia kabla ya kuchomoa propela (shafti ndefu iendayo matairi ya nyuma), na uweke alama ya rangi kwenye flenji zake, pale inapofungwa kwa bolti, ili irudi ilivyokuwa. Silinda ndogo ya klachi ifungue bila kukata bomba lake, uining'inize kwa waya, na utakuwa umeepuka kutoa hewa baadaye. Kabla ya kulegeza saporta ya giaboksi, egemeza injini kwa jeki na kipande cha ubao, maana italala nyuma na kuvuta mipira ya rejeta.

Giaboksi huwa naipokea kwa jeki ya magurudumu, nimeifunga mkanda, na lazima awepo mtu wa pili. Kifua cha binadamu si jeki. Wakati wa kuitoa na kuirudisha iende moja kwa moja. Ukiiacha ining'inie kwenye shafti yake, diski ya klachi inapinda, na hutajua mpaka utakapoanza kubadili gia.

Sili yenyewe ndiyo sehemu fupi. Kata mdomo wake kwa kisu, funga utepe kwenye ncha ya bisibisi, ibandue taratibu bila kuugusa uso wa krenki. Kile kibebeo chake cha chuma usikifungue bila sababu, maana chini kinaungana na sampu (bakuli la oili) na utajitafutia uvujaji mwingine. Pitisha ukucha juu ya krenki. Ukikwama kwenye mfereji, mdomo wa sili mpya usikae palepale: ibakize milimita moja hivi nje au izamishe kidogo kama nafasi ipo, au ivishe krenki ile slivu, pete nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama hakuna mfereji, igonge sawasawa pande zote mpaka ilingane na ukingo wa kibebeo. Mdomo wa mpira upake grisi. Sili za teflon, zinazokuja na injini nyingi za kisasa, huingizwa kavu, kwa hiyo soma karatasi iliyomo kwenye boksi.

Diski iliyokunywa oili usiioshe kwa petroli ukadhani umeponya. Nunua mpya, pamoja na rilizi beringi (beringi inayosukuma klachi iachie) na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, na uwe navyo kabla hujaanza. Bolti za flaiwili kaza kwa kupishanisha, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo cha kitabu cha injini yako.

Mwenye gari la fowili, linalovutwa na matairi yote manne, ambalo giaboksi yake imebeba na transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma), nisingemshauri aifanye nyumbani. Na Land Rover za zamani za 2.25 zina sili ya vipande viwili, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Siku za mwanzo tundu la chini litaendelea kutoa matone, ni oili ya zamani iliyobaki ndani. Ikishakauka, rudia poda. Ukiona weusi tena, angalia maungio ya kibebeo na sampu kabla ya kuilaumu sili.