Uliza Tukujibu: Mkusanyiko wa pili wa Queen

Toleo hili tumeziweka pamoja barua zinazohusu "Greatest Hits II" ya Queen, kundi la rock la Uingereza ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Mkusanyiko huo ulitoka tarehe 28 Oktoba 1991, siku 27 kabla ya kifo chake. Barua nyingine tumezifupisha.

Nimenunua sidii ya "Greatest Hits II" lakini "Bohemian Rhapsody" haimo, wala "We Are the Champions". Je, nimeuziwa feki? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu hiyo, hapana. Nyimbo hizo zimo katika mkusanyiko wa kwanza, uliotoka tarehe 26 Oktoba 1981 ukiwa umebeba kazi zao za miaka ya 70 hadi mwanzo wa 80. Siku hiyohiyo ndipo ulipotoka pia wimbo "Under Pressure", ambao Queen waliurekodi Montreux, Uswisi, pamoja na mwimbaji mwenzao wa Uingereza, David Bowie. Kwa hiyo Uingereza wimbo huo haukuingia katika mkusanyiko wa kwanza, ukawa ndio unaofungua kipindi cha mkusanyiko wa pili: 1981 hadi 1991.

Zihesabu nyimbo zilizomo na utaona mpango wake. Zipo 17. Nne zimetoka katika albamu "The Works" ya 1984, nne katika "A Kind of Magic" ya 1986, nne katika "The Miracle" ya 1989 na nne katika "Innuendo" ya 1991. Ongeza "Under Pressure", zinatimia 17. Albamu ya 1982, "Hot Space", imewakilishwa na wimbo huo mmoja tu. "Body Language", "Back Chat" na "Las Palabras de Amor" zimeachwa kabisa. Kwa maoni yetu "Las Palabras de Amor" ilistahili nafasi kuliko "Friends Will Be Friends", lakini waliopanga waliona vingine.

Sasa kuhusu feki. Toleo halisi la Uingereza linaanza na "A Kind of Magic" na kumalizia na "One Vision". Sidii ya 1991 ina namba CDPMTV 2 ubavuni, na santuri ina PMTV 2. Jalada lina nembo ya dhahabu ambayo Freddie aliichora mwenyewe, naye alisomea usanifu wa michoro. Itazame kwa karibu: simba wawili ni wenzake kundini John Deacon (besi) na Roger Taylor (ngoma), kaa ni Brian May (gitaa), na vimwana wawili wenye mabawa ni Freddie, kila mmoja kwa nyota yake ya kuzaliwa. Juu ya wote ametanda finiksi, yule ndege wa hadithi. Katika nakala za wizi mistari hii midogo huwa imevurugika, miguu ya kaa ikageuka doa moja, kwa sababu jalada limepigwa picha kutoka jalada lingine.

Ukikuta diski yenye nyimbo za miaka ya 80 halafu "Bohemian Rhapsody" imo, huenda umeshika "Classic Queen", iliyotolewa Marekani 1992. Kule haki za nyimbo zilikuwa kwa kampuni nyingine, nayo ikazipanga upya. Hiyo ni halali, ila ni kitu tofauti.

Mbona "I Want It All" na "I Want to Break Free" zilizomo humu hazifanani na zile za kwenye albamu? (Msomaji, Mombasa)

Masikio yako hayajakudanganya, na hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Mkusanyiko huu kwa sehemu kubwa umetumia matoleo yaliyotengenezwa kwa ajili ya redio na santuri ndogo, ambayo mara nyingi yalikatwa na wakati mwingine yalirefushwa.

"I Want It All" ya kwenye albamu ina dakika 4 na sekunde 40 hivi, na inaanza na gitaa. Hii ya mkusanyiko inaanza na kibwagizo kinachoimbwa kwa sauti tupu bila ala, halafu sehemu ya gitaa ya katikati imepunguzwa, ikabaki dakika 4 tu. "I Want to Break Free" imekwenda kinyume chake. Kwenye albamu ina dakika 3 na sekunde 20. Humu imeongezewa utangulizi wa kinanda cha umeme na imevuka dakika 4. "Hammer to Fall" imepunguzwa. "One Vision" imepoteza zaidi ya dakika moja, zikiwemo zile sauti nzito zilizopotoshwa zinazoufungua wimbo kwenye albamu.

Ushauri: ukitaka kutunza "One Vision" moja tu, tunza ya kwenye albamu. Ukitaka "I Want to Break Free" moja tu, tunza hii ya mkusanyiko, kwa sababu ule utangulizi unaupa wimbo mlango wa kuingilia. Na unapopakua mtandaoni usiangalie jina peke yake. Angalia muda ulioandikwa pembeni. Muda ndio utakaokwambia umepata toleo lipi.

Nilichoma nakala ya sidii yangu kwa ajili ya garini. Kila mara wimbo wa mwisho unakatika au hauingii kabisa. Tatizo ni nini? (Msomaji, Dodoma)

Tatizo ni urefu. Sidii ya kawaida ilipangiwa dakika 74. Mkusanyiko huu una takriban dakika 76. Kiwandani waliweza kuubana kwa kuisogeza mistari karibukaribu. Sidii tupu iliyoandikwa 74 (MB 650) haitautosha. Tafuta iliyoandikwa 80 (MB 700).

Kosa la pili ni nafasi kati ya nyimbo. Programu nyingi za kuchomea huweka sekunde 2 za ukimya baada ya kila wimbo bila kukuuliza. Kwa nyimbo 17 ni nafasi 16, yaani sekunde 32 za bure. Kabla ya kuchoma, weka nafasi hiyo iwe 0, kisha chagua kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja, siyo wimbo kwa wimbo. Mwendo uwe 8 au 16. Ukichoma kwa mwendo wa 52, ukingo wa nje ndio unaoharibika kwanza, na huko ndiko wimbo wa mwisho uliko, maana sidii husomwa kutoka katikati kwenda nje.

Kwa sababu hiyohiyo, hata sidii halisi ikianza kukwama, huanza na "One Vision": alama za vidole hujaa ukingoni. Futa kwa kitambaa laini kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe. Mkwaruzo wa mviringo unafuata njia ya mwanga na kuuharibu kwa urefu, lakini mkwaruzo unaoikata njia hiyo mashine huweza kuufidia.

Kama redio ya gari inakubali flashi, achana na kuchoma. Mkusanyiko wote kwa MP3 ya kbps 320 (kipimo cha ubora wa sauti) unachukua MB 182 hivi; kwa kbps 128 ni MB 73, ila hapo matoazi ya Roger Taylor yanageuka kama maji yanayochuruzika. Tumia 320.

Freddie alizaliwa kwetu. Je, kuna wimbo humu unaoitaja Zanzibar? Na ni kweli "The Show Must Go On" aliuandika akijua anakufa? (Msomaji, Unguja)

Wimbo wa kuitaja Zanzibar humu haumo. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi). Akasoma bweni India, akarudi, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Neno linaloweza kumgusa msikilizaji wa Unguja, "Bismillah", limo katika "Bohemian Rhapsody", kwenye mkusanyiko wa kwanza.

"The Show Must Go On" umeandikwa kwa jina la Queen wote, kama nyimbo zote za "The Miracle" na "Innuendo", lakini aliyeubeba zaidi kwenye utunzi ni Brian May. Freddie aliuimba 1990 akiwa tayari mgonjwa, na wenzake walikuwa wanajua. Ulitolewa peke yake tarehe 14 Oktoba 1991, wiki mbili kabla ya mkusanyiko. Hakuwa na nguvu tena za kupiga picha, hivyo video yake imeunganishwa kwa vipande vya video za nyuma. Tarehe 23 Novemba alitangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafariki nyumbani kwake London, akiwa na miaka 45. Usikilize wimbo huo kwa spika nzuri au hedifoni, sauti ikiwa kubwa kiasi, ufuate jinsi anavyopanda noti za juu kwa sauti kamili ya kifua. Hakuna palipolegea.

Nimeletewa santuri ya mkusanyiko huu kutoka Uingereza. Mbona ni mbili, wakati sidii ni moja? (Msomaji, Nairobi)

Kila upande wa santuri unabeba vizuri kama dakika 20. Dakika 76 ukizigawa pande nne ni 19 kila upande, barabara kabisa. Zingebanwa kwenye santuri moja zingekuwa 38 kila upande: mifereji ingekuwa myembamba, sauti ndogo, na besi ya "Under Pressure" ingepunguzwa ili sindano isiruke.

Kabla ya kuipiga, iinamishe chini ya taa uone mikwaruzo. Isafishe kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke (yale ya betri yasiyo na tindikali) na tone moja la sabuni ya vyombo kwa nusu lita, kwa kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Ndiyo, hapa unazungusha, tofauti na sidii. Usiloweshe karatasi ya katikati. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, iache isimame ikauke kivulini. Uzito wa sindano fuata ulioandikwa na aliyeitengeneza. Nyingi zinataka gramu 1.5 hadi 2. Ikiwa nyepesi mno itarukaruka na kukwangua mifereji kuliko hata ikizidi kidogo.

Kwa nini "These Are the Days of Our Lives" haimo? (Msomaji, Muscat)

Uingereza ilitolewa Desemba 1991 pamoja na "Bohemian Rhapsody", mkusanyiko ukiwa umeshatoka. Utaipata kwenye "Greatest Hits III" ya 1999, au kwenye "The Platinum Collection" ya 2000, ambayo ina mikusanyiko yote mitatu katika kasha moja. Kama huna hata mmoja, nunua kasha hilo.