Jibu: Boda ya umeme, nikodi kwanza au nichukue ya mkopo?

Sasa ndugu. Umeuliza kama ukodi boda ya umeme kwanza au uchukue ya mkopo, stendi yako ikiwa Kangemi, Nairobi. Kodi. Mimi nilianza hivyo.

Kwanza angalia vituo vya kubadilishia betri viko wapi kwenye njia zako. Kisha panda Waiyaki Way kutoka Westlands na abiria na mzigo uone chaji inavyoshuka. Ukiijaribu boda bila mzigo, tena tambarare, utadanganyika. Kila jioni linganisha hela ya kukodi na betri na ile ya petroli.

Halafu uliza betri ni ya nani. Kwa kampuni ya Ampersand unanunua pikipiki, betri inabaki yao, unaibadilisha kwenye vituo vyao. Wewe unayetaka kurudi ushago baadaye, ambako huenda usipate vituo hivyo, afadhali pikipiki ya Roam Air, betri yake unaitoa na kuichaji nyumbani.