Majedwali yanayobaki baada ya majaribio: fagia kabla ya kuanza

Ukianza kuandika majaribio ya kiotomatiki ya programu utafundishwa mapema kwamba kila jaribio lijisafishie: limeunda jedwali kwenye hifadhidata, likimaliza lilifute. Ni kweli, ila haitoshi. Usafi huo hukaa mwishoni, na mwisho haufikiwi kila mara. Mtu akiyakatiza majaribio katikati, au seva ikiishiwa kumbukumbu na programu ikauawa ghafla, mistari ya usafi haitatekelezwa hata uwe umeiandika kwa uangalifu namna gani. Jedwali linabaki. Kesho yake jaribio lilelile linataka kuunda jedwali la jina lilelile, linaambiwa tayari lipo, linafeli, nawe unashinda kutwa ukitafuta kosa katika msimbo usio na kosa.

Kwa hiyo anza kwa kufagia. Jaribio lifute mabaki ya jana kabla ya kuunda chochote cha leo. Usafi wa mwishoni uendelee kuwapo, lakini usiutegemee peke yake.

Wengi hukimbilia muamala (transaction), yaani kundi la amri zinazothibitishwa au kubatilishwa kwa pamoja: unaufungua, unajaribu, unaubatilisha, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Kwa rekodi ni njia nzuri na ya haraka. Kwa majedwali inategemea unatumia hifadhidata gani. Kwenye PostgreSQL, jedwali lililoundwa ndani ya muamala hutoweka muamala ukibatilishwa. Kwenye MySQL, amri ya CREATE TABLE huuthibitisha papo hapo (commit) muamala uliokuwa wazi, pamoja na data yote uliyokwisha kuingiza. Ukija kubatilisha, hakuna tena cha kubatilisha. Hili huwasumbua sana wanaohama kutoka PostgreSQL, kwa sababu hakuna ujumbe wowote wa kosa unaojitokeza.

Sasa nije kwenye jambo lililoniumiza zaidi. Kazini tulikuwa na hifadhidata moja ya majaribio iliyotumiwa na timu kadhaa. Majedwali ya majaribio yalianza na t na mstari wa chini (_): t_wateja, t_malipo. Mabaki yalipozidi nikaandika hati fupi (script) ya kutafuta kila jedwali lenye jina linalolingana na LIKE 't_%' na kulifuta; LIKE ni neno la SQL la kulinganisha na ruwaza, na % husimama badala ya herufi zozote. Ilifanya kazi. Ikafuta pia jedwali la tozo na la taarifa, ambayo wenzetu walikuwa wameyajaza data kwa mkono kwa wiki nzima. Katika LIKE, mstari wa chini si mstari wa chini. Ni alama inayosimama badala ya herufi moja yoyote, kwa hiyo "tozo" inalingana kama "t_wateja" inavyolingana. Nilipaswa kuandika 't\_%', ambapo alama ya \ huufanya mstari wa chini uchukuliwe kama ulivyo. Na zaidi ya hapo nilipaswa kuichapisha ile orodha na kuisoma kwa macho yangu kabla ya kufuta hata jedwali moja. Kusoma kungenichukua dakika mbili.

Tangu siku hiyo hati ya usafi naipa mtumiaji wake mwenyewe wa hifadhidata, asiye na ruhusa ya kugusa kitu nje ya eneo la majaribio. Nikikosea tena, seva itakataa.

Kuna na suala la majaribio yanayokwenda sambamba. Ukifagia kila kitu mwanzoni, huenda unafuta majedwali ya mwenzako ambaye majaribio yake bado yanaendelea. Weka tarehe na saa ndani ya jina la jedwali, kisha ufute yaliyopitisha muda fulani tu. Mimi hutumia saa 24. Na kama jedwali linahitajika na muunganisho mmoja tu wa programu na hifadhidata, liunde la muda kwa CREATE TEMPORARY TABLE, litaondoka lenyewe muunganisho ukifungwa, hata programu ikifa vibaya.

Mwisho, hesabu. Chukua orodha ya majedwali kabla ya majaribio na baada yake, na zikitofautiana yafelishe majaribio yote, ukitaja jina la kila jedwali lililobaki. Jina likishaonekana, aliyeliacha hupatikana siku hiyohiyo.