Kinga huchochewa

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anayesomea kazi za maabara, ameniuliza hivi: chembechembe nyeupe za damu zikiwekewa dutu fulani, zikaanza kutoa saitokini, yaani protini ndogo ambazo chembe hupashana habari kwazo, tuandike kwamba dutu hiyo “imeongeza kinga”, “imeamsha kinga” au “imechochea kinga”?

Andika “imechochea”, mwanangu, na hilo “kuongeza” ulifute leo hii. Kitenzi hicho kimenichosha. Kimetapakaa katika mabango ya wauza dawa za miti shamba na hata katika maandishi ya watu waliosoma, na “kubusti” kinakifuata nyuma, kana kwamba kinga ni mafuta ya taa yaliyopungua chupani yakingoja kujazwa.

Mtazame mama anayepika maharage juu ya mafiga. Moto ukififia, huinama akavisukuma ndani vijinga vilevile vilivyokuwa vimejitokeza nje. Hajaleta ukuni mpya, bali ameufikisha uliokuwapo mahali pa kuwakia. Huko ndiko kuchochea, na damuni mambo huenda vivyo hivyo. Monosaiti, ambazo ni aina ya chembechembe nyeupe, zina vipokezi, na kimojawapo, TLR4, hutambua lipopolisakaraidi iliyomo katika utando wa nje wa bakteria kama ikolai. Kipokezi kikiguswa, taarifa hupita hadi kwenye kiini cha chembe, jeni zilizokuwa zimetulia zikaanza kazi, na katika saa chache saitokini kama TNF na intalukini-6 humwagwa nje, zikaziita chembe nyingine na kupandisha homa. Hapo hakuna chembe iliyoongezwa. Zilizokuwapo ndizo zilizowaka. Hata maharage ya yule mama yamo katika habari hii, kwani yakiwa mabichi yana protini iitwayo fitohemaglutinini, ambayo maabara huitumia kuchochea limfosaiti, aina nyingine ya chembechembe nyeupe. Hizo hutoa saitokini, kisha hugawanyika zikawa nyingi, lakini wingi huo ni zao la kuchochewa, kama moto unavyokua baada ya kuni kusukumwa.

Tena “kuongeza” humfanya msikilizaji aamini kwamba kinga ikizidi ndiyo heri. London, Machi 2006, wanaume sita wenye afya walidungwa dawa ya majaribio, TGN1412, yenye kuchochea limfosaiti T. Kabla ya saa mbili kupita walianza kuugua, saitokini zikafurika damuni, na wote sita wakalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyao vikishindwa kufanya kazi. Moto uliochochewa kupita kiasi huunguza chungu.

Kwa asili, “kinga” latokana na kukinga, yaani kuzuia kitu kisikufikie, na “saitokini” limetoka katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya chembe na mwendo, liache lilivyo. “Kuamsha” nakuruhusu, maana nalo lakiri kwamba chembe ilikuwapo tangu awali. Na katika kliniki za wanaoishi na VVU, mtu akisema “kinga yangu imepanda”, simsahihishi tena, kwa kuwa pale CD4, yaani chembechembe nyeupe ambazo VVU huzishambulia, huhesabiwa kweli na idadi yake hupanda kwa dawa. Mwenye bango hakuhesabu kitu.

Katika ripoti yako, basi, andika: “Lipopolisakaraidi ilizichochea chembechembe nyeupe, nazo zikatoa saitokini.”