Kabla hujaanza kazi ya utafiti msituni, angalia zile picha vizuri

Wadogo zangu mliopata kazi juzi kwenye miradi ya utafiti, iwe Kibale, Budongo au Bwindi hapa Uganda, karibuni. Kuna jambo kwenye treningi hawaligusi kabisa: mtalii, mwanakijiji, hata bosi wako aliyeshuka Entebbe wiki jana, mwanasayansi waliyenaye kichwani alitengenezwa na magazeti ya picha, wengi wetu hata hatujazaliwa.

Chukua Gombe, msitu wa sokwe hapo kwa jirani Tanzania. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Julai 1960 na hakuja peke yake, wakoloni walikataa msichana akae porini bila mtu ndo akaja na mama yake mzazi, kulikuwa na mpishi Dominic, na wenyeji wa kumwonyesha njia kama Rashidi Kikwale. Sasa fungua National Geographic, gazeti la picha la Marekani, la Agosti 1963, picha za Hugo van Lawick: dada mzungu, sokwe, msitu, basi! Watu wakaipenda mno. Na shirika lenye gazeti ndilo lililokuwa linatoa pesa za utafiti na ndilo lililomlipa mpiga picha, kwa hiyo picha kali inaleta wasomaji, wasomaji wanalipa ada, ada inarudi msituni kulipia utafiti, na mpishi kwenye hesabu hiyo hauzi gazeti. Sisemi Goodall alidanganya, kazi aliifanya kweli, kumwona sokwe anavua mchwa kwa kijiti si mchezo.

Ila jalada la gazeti hilohilo la Januari 1970 ndo linatusumbua mpaka leo. Dian Fossey, mtafiti wa gorila, anatembea na gorila wawili wadogo, ukiangalia unaona urafiki mtupu. Wale ni Coco na Pucker, mayatima waliokamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Fossey akawauguza kule kwenye kambi yake ya Karisoke upande wa Rwanda, na gazeti linatoka wenyewe walishasafirishwa Ujerumani, wakafia huko 1978. Picha haikuambii hayo, na mgeni anakuja Bwindi anataka na yeye agusane na gorila. Sheria ni mita 10 na mafua ya binadamu yanaweza kuua gorila, kwa hiyo bosi akianza kusogea mrudishe, kwa heshima lakini mrudishe, hata kama ana PhD mbili.

Nyumbani nako andaa maneno mapema. Ukionekana na mzungu mwenye darubini shingoni, shangazi na majirani wanajua umetajirika, karo za watoto wote zinakuja kwako. Waambie mshahara wako ulivyo kabla hawajaupanga wao.

Wapiga picha wakija, mara nyingi utaambiwa "sogea kidogo pembeni". Sogea, usigombane, lakini kabla hawajaondoka andika jina lako lote kwenye karatasi, herufi kubwa, pamoja na kazi yako, mpe yule anayeandika maelezo ya chini ya picha, maana usipompa utaitwa "msaidizi mwenyeji" milele. Na kila fomu ya data weka jina na tarehe mwenyewe. Habari ya nani atatajwa kwenye makala ya utafiti uliza mwanzoni mwa mradi, bosi akiwa bado anakuhitaji kumtafutia njia, maana akishapanda ndege imeili zinajibiwa kwa kuchelewa sana.